Reli Iliyofuata Majani

Watu wa Osaka wamekuwa wakipanda bonde la Minoo tangu zamani kutazama majani ya momiji, miti ya maple, yakigeuka mekundu. Mwaka 1910 reli ya umeme ya mfanyabiashara Kobayashi Ichizo ilifika huko kutoka Umeda, jijini Osaka, na matembezi yakawa rahisi: asubuhi kwenda, jioni nyumbani.

Kobayashi alikuwa mjanja. Njiani mashamba yalikuwa mengi, abiria wachache; akauza nyumba kwa mkopo kando ya reli, na Minoo akafungua bustani ya wanyama. Haikudumu.

Kilichodumu ni maporomoko ya mita 33, na wachuuzi wanaokaanga majani yenyewe: huyaloweka kwenye chumvi, huyachovya kwenye uji mzito wa unga, sukari na ufuta, kisha huyatumbukiza kwenye mafuta. Utamu ni wa unga. Jani ni pambo tu.