Gari la Porsche la Janis Joplin

Gari la Porsche la Janis Joplin ni gari dogo la michezo aina ya Porsche 356 C, lililoundwa mwaka 1964 na baadaye kumilikiwa na mwanamuziki wa Marekani Janis Joplin (19 Januari 1943 – 4 Oktoba 1970). Linajulikana kwa michoro ya rangi nyingi iliyofunika bodi lake lote. Michoro inayoonekana leo si ile ya awali, bali ni nakala iliyochorwa upya katika miaka ya 1990.

Aina ya gari

Porsche 356 ndiyo aina ya kwanza ya gari iliyouzwa kwa jina la Porsche. Ilianza kuundwa mwaka 1948 huko Gmünd, Austria, kisha kazi ikahamia Stuttgart, Ujerumani. Magari ya kwanza yalitumia vipuri vingi vya Volkswagen. Kama Volkswagen "kobe", injini yake ya silinda nne iko nyuma na hupozwa kwa hewa, si kwa maji. Toleo la 356 C, lililotoka mwaka 1963, lilikuwa na breki za diski katika magurudumu yote manne. Gari la Joplin lina paa la turubai linalokunjwa.

Ununuzi na uchoraji

Joplin alilinunua gari hilo mwaka 1968 huko California kwa dola 3,500, likiwa limeshatumika. Wakati huo lilikuwa na rangi moja tu. Alimwomba Dave Richards, aliyekuwa mfanyakazi wa bendi yake, alipambe, akamlipa dola 500. Richards alichora vipepeo, mandhari ya California, jicho kubwa, pamoja na sura za Joplin na wanabendi wenzake. Kazi hiyo aliiita "Historia ya Ulimwengu". Mwishowe aliipaka vanishi angavu ili kuikinga.

Joplin hakulificha gari hilo gereji. Alilitumia kila siku, na mashabiki wakazoea kulitambua barabarani.

Wizi

Mwaka 1969 gari liliibwa. Mwizi alilipuliza rangi ya kijivu ili lisitambulike, lakini likapatikana. Kwa sababu ya ile vanishi, Richards aliweza kuiondoa rangi ya kijivu bila kuharibu michoro iliyokuwa chini yake.

Baada ya kifo cha Joplin

Tarehe 1 Oktoba 1970 Joplin alirekodi wimbo "Mercedes Benz", unaofanyia mzaha tamaa ya vitu vya anasa. Siku tatu baadaye alifariki katika hoteli moja mjini Los Angeles kwa kuzidisha heroini, akiwa na umri wa miaka 27. Alipokosa kufika studio, meneja wa ziara zake, John Byrne Cooke, alikwenda kumtafuta. Aliliona gari lake limeegeshwa hotelini, kisha akamkuta amefariki chumbani.

Gari lilikaa kwanza kwa meneja wake, Albert Grossman, kabla ya kurudi kwa ndugu zake wawili, Michael na Laura. Kwa kuwa lilikuwa bado likitumika, rangi ilianza kubanduka. Hatimaye michoro yote iliondolewa na gari likapakwa rangi ya kijivu, sawa na ile lililotoka nayo kiwandani. Hivyo kazi ya Richards, iliyonusurika mikononi mwa mwizi, ilipotea kwa uchakavu wa kawaida.

Katika miaka ya 1990 familia iliamua kuirudisha sura yake maarufu. Wasanii wa jumba la maonyesho ya tamthilia mjini Denver waliichora upya michoro hiyo kwa kufuata picha za zamani. Kuanzia mwaka 1995 gari liliazimwa kwa makumbusho ya Rock and Roll Hall of Fame mjini Cleveland, Ohio, likawa miongoni mwa vitu vilivyovutia wageni wengi.

Mnada

Tarehe 10 Desemba 2015 gari liliuzwa na kampuni ya RM Sotheby's katika mnada mjini New York. Lilikadiriwa kufikia dola 400,000 hadi 600,000, lakini lilinunuliwa kwa dola milioni 1.76. Bei hiyo ni zaidi ya mara 500 ya ile aliyolipa Joplin, ingawa michoro iliyouzwa nalo haikuwa ile aliyoiona yeye.