Stempu, Bahasha na Historia Yetu

Katika shule zetu nyingi wamepata kuwako vijana wakusanyao stempu. Kazi yao huanza na jambo dogo, nalo ni kuitoa stempu iliyokwisha tumika kutoka katika bahasha. Wako wanaoibandua kwa kucha, wako wanaoilowesha majini, na wako wanaokata pembe ya bahasha na kuitupa sehemu iliyosalia. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ni mchezo wa watoto. Sisi tunaona kwamba inagusa historia ya taifa, kwa sababu mara nyingine kinachotupwa kina thamani kuliko kinachohifadhiwa. Yafaa basi tueleze jinsi stempu zilivyoingia katika nchi zetu, ndipo tuone namna bora ya kuzitunza.

Stempu ya kwanza ya kubandika ilitolewa Uingereza mwezi Mei 1840, kufuatana na mapendekezo ya Rowland Hill. Kabla ya hapo, aghalabu aliyepokea barua ndiye aliyelipa, na malipo yalitegemea umbali. Kwa utaratibu mpya mpelekaji alilipa peni moja kwa barua nyepesi, hata iende mbali kiasi gani ndani ya nchi. Stempu hiyo ilikuwa nyeusi, nayo ilipigwa muhuri mwekundu ili isitumike tena. Haikupita muda mrefu ikagunduliwa kwamba wino mwekundu huweza kufutwa, na watu wakaanza kuziosha stempu na kuzitumia mara ya pili. Kwa hiyo mwaka 1841 stempu ya peni moja ikafanywa nyekundu, na muhuri ukawa mweusi. Baadaye baadhi ya stempu za Uingereza na za makoloni yake zilichapwa kwa wino ulioyeyuka makusudi ukiguswa na maji, hasa wa rangi ya zambarau na kijani. Silaha hiyo iliyotengenezwa dhidi ya mwizi humdhuru leo mkusanyaji asiye na habari.

Huku kwetu pwani, ofisi ya posta chini ya utawala wa Posta ya India ilifunguliwa Unguja mwaka 1868. Ilifungwa mwaka uliofuata, ikafunguliwa tena mwaka 1875. Stempu zilizotumika zilikuwa za India, na ni mwaka 1895 tu ndipo zilipoanza kuchapwa juu yake neno "Zanzibar". Mwaka 1896 zikatolewa stempu zenye picha ya Sultani Hamad bin Thuwaini. Wajerumani nao walikuwa na wakala wa posta Lamu tangu 1888 hadi 1891, na mwaka 1890 walifungua ofisi Bagamoyo na Dar es Salaam. Huko kote mwanzoni walitumia stempu zile zile zilizouzwa Ujerumani.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Stempu ya India iliyobandikwa Unguja mwaka 1880 haina tofauti yoyote na ile iliyobandikwa Bombay mwaka huo huo. Stempu ya Kijerumani ya Lamu ni sawasawa na ya Berlin. Kinachotofautisha ni muhuri wa posta, wenye jina la mji na tarehe. Muhuri huo kwa kawaida huangukia nusu juu ya stempu na nusu juu ya bahasha. Mtu akiitoa stempu na kuitupa bahasha, huenda akabakiwa na herufi mbili tatu za jina la mji, au asibakiwe na kitu. Stempu itaingia katika albamu kwenye ukurasa wa India, na ushahidi kwamba mtu fulani wa Unguja alimwandikia mwenzake ng'ambo utakuwa umetoweka.

Stempu hutunza hata historia ya lugha. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kutumia katika koloni lao stempu zilizochapwa thamani kwa "pesa", neno lililotoka India pamoja na fedha yake. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1905 zikaja stempu za "Heller", ambazo 100 zilifanya rupia moja. Utawala huo ulikwisha, lakini Mswahili angali anatafuta pesa na kuomba hela. Mwanafunzi akiziweka stempu hizo mbili kwa kufuata miaka, ataona kwa macho yake maneno hayo yalivyopita mikononi mwa watu.

Mambo ya siasa pia yamo. Baada ya Waingereza kuiteka nchi katika Vita Kuu ya Kwanza, stempu zao zilichapwa herufi "G.E.A.", mwaka 1922 ikatoka stempu ya Tanganyika yenye kichwa cha twiga. Tangu 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja. Tanganyika ilitoa stempu za uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Huko Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu zenye picha ya Sultani zilipigwa juu yake maneno "Jamhuri 1964", kwanza kwa muhuri wa mkono, kisha kwa mtambo. Serikali mpya haikungoja stempu mpya zichapwe. Ilitangaza mabadiliko juu ya karatasi ya utawala uliopinduliwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Stempu ya kawaida isibanduliwe kwa nguvu, kwani huchanika au huwa nyembamba mgongoni. Tukate karatasi kuizunguka, tukiacha ukingo wa upana wa kidole ili mkasi usiguse meno yake. Kipande hicho kielee katika maji safi ya uvuguvugu, uso wa stempu ukitazama juu. Maji hupenya karatasi kutoka chini na kulainisha gundi. Baada ya dakika 15 au 20 stempu hujiachia yenyewe. Tuioshe gundi iliyosalia mgongoni, tuilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi, na ikikauka tuibane ndani ya kitabu kizito. Bahasha ya rangi ilowe peke yake, maana rangi yake huweza kuchafua nyingine. Stempu nyingi za siku hizi zenye gundi ya kunata haziachii kwa maji. Hizo zibaki juu ya kipande cha karatasi.

Lakini kabla ya maji, tusome. Bahasha ikiwa ni ya kale, au ikiwa na muhuri unaosomeka vizuri, au muhuri wa mji mdogo, au imepita miji kadhaa na kupigwa mihuri nyuma, ihifadhiwe nzima. Stempu yenye wino wa zambarau au kijani ya enzi za ukoloni isiloweshwe kabisa. Na ile inayofaa kutolewa iandikiwe kwanza katika daftari: mji, tarehe, ilikotoka na ilikokwenda. Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari.

Barua za kuandikwa kwa mkono zimepungua sana, na zile za zamani zimo masandukuni mwa wazee wetu. Sehemu kubwa ya stempu za kale za pwani hii zilichukuliwa na wakusanyaji wa ng'ambo, nao ndio waliozieleza katika vitabu vyao. Mwalimu anayewaagiza wanafunzi waulize nyumbani kwao, kwa idhini na heshima, juu ya bahasha zilizosalia, anawapa somo la historia ambalo halimo katika kitabu chochote. Stempu moja itakayotolewa kwa pupa haiwezi kurudishwa mahali pake. Bahasha iliyoachwa nzima itamngoja msomaji hata miaka mia.