Misuli ya Watu Wenye Njaa

Mtu aliyekaa baharini siku 13 bila chakula cha maana hawezi kuwa na misuli kama ile. Lakini katika *Chelezo cha Medusa*, mchoro wa Théodore Géricault wa mwaka 1819, hata maiti wana vifua vya wapiga ngumi. Je, mchoraji alitudanganya?

Kisa chenyewe ni cha kweli. Tarehe 2 Julai 1816, Méduse, meli ya kivita ya Ufaransa iliyokuwa njiani kwenda Senegal, ilikwama kwenye fungu la mchanga karibu na pwani ya Mauritania. Nahodha alikuwa kabaila aliyekuwa hajaongoza meli kwa miaka 20 hivi. Cheo alipewa kwa sababu ya utiifu wake kwa mfalme. (Mambo ya kujuana hayakuanzia kwetu.) Mashua hazikutosha. Wakubwa wakaingia humo, na watu kama 147 wakarundikwa kwenye chelezo ambacho mashua zilipaswa kukivuta. Kamba zikaachiliwa. Huko nyuma watu wakauana, wengine wakasombwa na mawimbi, walio hai wakala nyama ya wafu. Meli ya Argus ilipowafikia, walikuwa wamebaki 15.

Géricault aliifuatilia habari hii kama mpelelezi. Aliwahoji manusura. Seremala aliyekuwa kwenye chelezo akamtengenezea mfano wake mdogo. Alikwenda hospitalini kuwatazama mahututi, akabeba viungo vya maiti hadi chumba chake cha kazi, akavichora vikiendelea kuoza. Hata kichwa alinyoa, asipate hamu ya kutoka kwenda kustarehe. Uhalisia gani tena unaupita huo?

Halafu akashika brashi na mengi akayaweka kando. Wale watu walipookolewa, bahari ilikuwa shwari na jua linawaka; yeye akachora mawingu mazito na wimbi linalopanda. Ulaji wa watu aliuchora kwenye rasimu, kisha akauacha. Hapo ndipo ulimbwende unapoingia. Neno hili la wahakiki wetu lina balaa lake, maana ukilitamka mtu anawazia mashindano ya urembo. Walimbwende wa enzi ile hawakutafuta urembo. Walitaka hofu na tumaini vimfikie mtazamaji mwilini kabla hajaanza kufikiri.

Sasa tazama kileleni. Anayepunga kitambaa ni mtu mweusi, ametupa mgongo, juu ya wote. Miongoni mwa manusura alikuwepo mweusi mmoja tu, askari Jean Charles. Géricault aliwachora watatu, akimtumia Joseph, mzaliwa wa Saint-Domingue, kama kielelezo. Ufaransa ilikuwa imekwisha kuahidi kuacha biashara ya watumwa, na bado biashara hiyo iliendelea, Senegal ikiwemo. Angebaki na orodha ya manusura peke yake, mtu huyo angekuwa mmoja kati ya 15, basi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo uongo wa mchoro ulipofanya kazi ambayo ukweli wa ripoti haungeifanya.

Gustave Courbet asingekubali. Miaka 30 hivi baadaye alichora mazishi ya kijijini kwao Ornans, watu wa kawaida kwa ukubwa wa karibu maumbile yao, bila shujaa wala kilele. Wakosoaji wakalia kwamba ni ubaya mtupu. Mimi naupenda mchoro huo, lakini Courbet alikuwa na jambo rahisi zaidi: wanakijiji wake walikuwepo, wangeweza kuja kusimama mbele yake. Wa Géricault wengi walikuwa chini ya bahari.

Mwaka 1820 Géricault aliupeleka mchoro London, watu kama 40,000 wakalipa kuutazama. Alifariki mwaka 1824 akiwa na miaka 32, nao ukanunuliwa na Louvre. Kati ya wale manusura 15, watano walifariki muda mfupi baada ya kufikishwa Saint-Louis. Jean Charles alikuwa mmoja wao.