Shajara za Casement: Nilivyobadili Upande

Nilipokutana na Roger Casement kwa mara ya kwanza sikuwa namtafuta yeye. Nilikuwa nasoma habari za mpira wa Kongo (ule wa mti, si wa miguu) na mikono iliyokatwa enzi za Mfalme Leopold, nikaona kila kitabu kinamtaja konsuli mmoja wa Uingereza, Mwayalandi, aliyepanda boti mwaka 1903, akaukwea mto akiwahoji wanavijiji, kisha akaandika ripoti iliyomvua mfalme nguo mbele ya dunia. Nikampenda papo hapo. Mwaka 1910 alikwenda Putumayo, Amazonia, akaandika tena mateso ya Wahindi katika mashamba ya mpira. Mwaka 1911 akapewa cheo cha Sir.

Halafu nikafika mwisho wa hadithi. Mtu huyuhuyu alinyongwa London tarehe 3 Agosti 1916. Alikuwa amekwenda Ujerumani kutafuta silaha za uasi wa Ayalandi, akarudishwa na nyambizi hadi pwani ya Kerry siku ya Ijumaa Kuu, akakamatwa saa chache baadaye. Alishtakiwa kwa sheria ya uhaini ya mwaka 1351, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha kale, na mawakili wakabishana kuhusu alama za uandishi ndani yake hadi watu wakasema kanyongwa na mkato.

Kilichoamua hatima yake, hata hivyo, hakikutajwa kortini. Wakati watu mashuhuri wakikusanya sahihi za kumwombea msamaha, Basil Thomson wa Scotland Yard na Reginald Hall wa ujasusi wa majini walikuwa wakipitisha nakala zilizopigwa taipu na picha za baadhi ya kurasa, wakiwaonyesha wahariri, wabunge, hata balozi wa Marekani. Zilikuwa kurasa za shajara zake za siri: usiku aliolala na wanaume katika bandari za Afrika na Amerika Kusini, pesa alizowalipa, na maelezo yasiyoficha kitu. Waliokuwa tayari kumtetea wakanyamaza mmoja mmoja.

Kusema kweli, mimi niliamini mara moja kwamba ni za kughushi. Jamani, Mkenya asiamini vipi? Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ikiendelea London, serikali ya Uingereza ililazimika kukiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya mafaili ya makoloni yake mahali paitwapo Hanslope Park. Wazee wetu walikuwa wameambiwa ushahidi haupo. Serikali ya aina hiyo itashindwa kuandika shajara tatu? Tena Thomson mwenyewe alisimulia kwa namna tofauti jinsi masanduku ya Casement yalivyofika mikononi mwa polisi. Na hadi 1959 serikali ilikataa hata kusema kama shajara hizo zipo.

Sikuwa peke yangu. Mwaka 1936 William Maloney alitoa kitabu cha kudai kughushiwa, na Yeats alipokipata akawaka, akaandika shairi la hasira lililotoka gazetini mapema 1937. Ndani yake alimtaja kwa jina mshairi wa Kiingereza, Alfred Noyes. Hapa ndipo kisa kinaponinogea. Noyes alikuwa ameajiriwa na serikali mwaka 1916 katika kazi ya propaganda, akaonyeshwa kurasa za taipu, akaandika kwa magazeti ya Marekani kumchafua Casement. Baadaye, akiwa Philadelphia kutoa mhadhara, mwanamke mmoja alisimama kati ya wasikilizaji akamsuta hadharani. Alikuwa dada yake Casement. Noyes hakuisahau siku hiyo. Shairi la Yeats lilipotoka alijibu kwa unyenyekevu hadi Yeats akalirekebisha, na mwaka 1957, akiwa mzee, Noyes alitoa kitabu kizima cha kumtetea mtu aliyesaidia kumpaka matope. Kwamba shajara ni za uongo. Nadhani alihitaji ziwe za uongo, la sivyo angeishi vipi na alichofanya?

Hapo nikajiuliza na mimi: je, ninazihitaji ziwe za uongo?

Kwa hiyo nikarudi kwenye hoja zenyewe. Wapo waliosema Casement alikuwa amenakili shajara ya Armando Normand, msimamizi katili wa Putumayo, na Waingereza wakaichomeka ndani ya zake. Ni dhana nzuri, lakini shajara ya 1903 iko Kongo, miaka saba kabla. Na shajara hizo zimejaa vitu visivyo na maana kwa mzushi: hali ya hewa, bei, magonjwa, barua alizotuma. Katika ile ya 1903 anaomboleza kujiua kwa Jenerali Hector Macdonald, aliyeandamwa kwa tuhuma za mapenzi na wavulana, na anaona kwamba sheria si dawa ya jambo hilo. Mzushi anayetaka kumwangamiza mtu ndani ya wiki chache atampa huruma ya namna hiyo ya kazi gani?

Mwaka 2002 mtaalamu Audrey Giles alizichunguza, wino, karatasi na mwandiko, akasema ni za Casement. Wapinzani, akiwamo mwanahistoria Angus Mitchell, hawakuridhika. Mario Vargas Llosa, katika riwaya yake ya 2010 kuhusu Casement, alichagua njia ya katikati: aliandika yeye, ila mengi aliyaota tu. Mimi naona hiyo ni adabu ya mwandishi wa riwaya. Naamini ni zake.

Lakini ukiamini hivyo, swali halijaisha, limehamia pengine. Waayalandi wengi walizikana kwa sababu shujaa hakuweza kuwa mtu wa namna hiyo. Nchi yao ilifuta sheria ya kuwaadhibu wanaume hao mwaka 1993 tu. Sisi bado tuna sheria waliyotuachia Waingereza haohao, kwa hiyo nisiwacheke.

Jambo jingine linanisumbua zaidi. Katika kurasa zile kuna vijana, baadhi wadogo, maskini wa bandarini, wanaotajwa kwa jina moja au bila jina, na kiasi walicholipwa. Mtu aliyetembea mto mzima akiwaandika Wakongo mmoja mmoja ili wasikilizwe, aliwaandika hawa kama mistari ya daftari la matumizi. Pande zote mbili za ubishi zimewapita kwa miaka mia moja, zikigombea jina lake yeye. Mabaki yake yalirudishwa Dublin 1965, akazikwa Glasnevin kwa heshima za taifa, de Valera mgonjwa akisimama kwenye baridi. Casement alikuwa ameomba azikwe Murlough Bay, Antrim, lakini London ilitoa mwili kwa sharti usivuke mpaka kwenda kaskazini.