On Lok: Mila au Fedha?
Kila inapotajwa asili ya mpango wa Marekani wa kuwatunzia wazee dhaifu majumbani kwao, tiba na mahitaji mengine yote yakiwa chini ya mkono mmoja, husimuliwa kwamba Wachina wa San Francisco waliona aibu kuwapeleka wazazi wao kwenye nyumba za wazee, ndipo wakaanzisha taasisi ya On Lok. Simulizi hili lina chembe ya ukweli, lakini linasahau wazee wenyewe walikuwa akina nani. Sheria ya 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina, na wake zao vilevile. Ilipofutwa mwaka 1943, Wachina walitengewa nafasi 105 tu kwa mwaka, hadi mageuzi ya 1965. Wanaume wengi wakazeekea mtaa wa Chinatown katika vyumba vya kupanga vya mtu mmoja, bila mke wala mtoto karibu. Mila ya mtoto kumtunza baba ingemfaa nini asiye na mtoto? Tena jirani walikuwapo wazee wa Kifilipino na Waitalia wa North Beach, ambao simulizi hili halina pa kuwaweka.

Mwaka 1971 kamati iliyoongozwa na daktari wa meno William Gee ilimwajiri Marie-Louise Ansak, mtaalamu wa ustawi wa jamii mzaliwa wa Uswisi, atafute njia ya kuwatunza wazee hao. Ansak aliona nyumba ya wazee haitawezekana kifedha wala haitawafaa wahusika, akageukia hospitali za kutwa za Uingereza. Kituo cha On Lok kilifunguliwa 1973: mzee anafuatwa kwa gari, anakula, anatibiwa, anafanya mazoezi, jioni anarudishwa kwake. Ugumu ulikuwa nani alipe. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ililipia hospitali na madaktari. Medicaid, mfuko wa maskini, ililipia nyumba za wazee. Usafiri, chakula na mtu wa kumwogesha mzee vilikuwa yatima. Medicaid ilianza kulipia huduma za afya za kutwa 1974, lakini hatua kubwa ilikuja 1983, On Lok iliporuhusiwa kujaribu kupokea kiasi maalumu kwa kila mzee kila mwezi, na kubeba gharama zake zote, za hospitali zikiwamo. Katika mfumo huo hata dereva ana kiti kikaoni pamoja na daktari na muuguzi, kwa kuwa yeye ndiye anayejua nani leo kashindwa kushuka ngazi.

Wapo wanaosema malipo ya mkupuo humshawishi mtoa huduma kubana matumizi. Hoja hiyo ni nzito kuliko ile ya mila. Jibu ni kwamba anayempuuza mzee leo atamlipia kitanda cha hospitali kesho. Ila jibu hilo lina nguvu pale tu mzee anapobaki mwanachama, na kujitoa anaruhusiwa. Ndiyo maana ukaguzi wa serikali hauepukiki.

Sheria ya 1986 iliruhusu taasisi nyingine 10 kuujaribu mfumo huo, na ile ya 1997 ikaupa mpango nafasi ya kudumu chini ya Medicare. Ulishika mizizi Bronx, El Paso na Columbia ya South Carolina, kusikokuwa na Chinatown ya kuusimulia. Kilichosafiri ni utaratibu wa malipo, na utaratibu huohuo ndio unaochuja wanaoingia: mwenye Medicare asiye maskini wa kutosha kupata Medicaid hulipa mwenyewe, kila mwezi, fungu ambalo mfuko huo ungemlipia.