Jina la kanga ni la nani? Mchapaji, mnunuzi na haki ya kukataa



Hapa Jalan Bani Bu Hassan, hasa misimu ya harusi, swali hili halikosi mtu wa kuliuliza: mwenye duka la kuchapisha fulana na vitambaa akiletewa maneno asiyoyataka, ana haki ya kuyakataa? Au hela ni hela? Mie si mwanasheria, ni mtu wa lugha na historia. Lakini Waswahili tumeuza na kununua maneno kwenye nguo muda mrefu, kwa hiyo tunalo la kusema.

Tuanze na kanga yenyewe. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso zilizochapwa na kuziunga sita sita zikawa nguo moja. Baadaye wafanyabiashara wakaagiza nguo nzima iliyokwisha chapwa. Majina yakaja nyuma, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha za Kirumi. Mombasa hutajwa sana Kaderdina Hajee Essak, mwenye ile chapa ya "Mali ya Abdulla".

Tazameni kazi ilivyogawanyika. Duka liko Mombasa au Unguja, kiwanda kiko Ulaya, Uhindi au Japani. Aliyechapa hakujua Kiswahili. Dua na kijembe kwake vilikuwa kitu kimoja. Aliyeyachagua maneno ni mfanyabiashara. Tena kiwanda hakichapi kanga moja, kwa hiyo jina lilibidi liwafae wanawake wengi. "Mdhaniaye ndiye siye" halimtaji mtu. Shabaha anaijua mvaaji: kaivaa siku gani, kapita mlango wa nani. Fumbo lilimkinga muuzaji na mvaaji pia.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mashine inachapa kipande kimoja tu, kwa maneno ya mteja mwenyewe. Juzijuzi mchapaji mmoja wa hapa, mtu wa Kerala, aliniletea karatasi nimsomee. Yalikuwa maneno ya Kiswahili, na ndani yake jina kamili la mke mwenza. Nikamfasiria. Akamrudishia mteja karatasi na pesa zake, akamwambia: toa jina, nitakuchapia. Mama wa watu akakasirika kweli kweli, maana duka jingine la namna hiyo yeye analijua Sur tu.

Kakosea? Mie nasema la, kwa sababu kakataa maneno, hakumkataa mtu. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kesi ya keki ya Belfast. Mwaka 2014 waoka mikate wa Ashers walikataa kuandika juu ya keki maneno ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja. Tarehe 10 Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikawapa haki: wangemkatalia mteja yeyote maneno yale, awe nani awe nani. Wangemkatalia mteja kwa sababu ya jinsi alivyo, hapo ingekuwa kesi nyingine kabisa.

Lakini msiishie hapo, maana kwetu kuna upande wa pili, nao una miiba zaidi. Tarehe 30 Novemba 2011 gazeti la Tanzania Daima lilitoa makala ya Samson Mwigamba iliyoelekezwa kwa askari. Yeye na mhariri, Absalom Kibanda, wakashtakiwa kwa uchochezi. Kisha akaunganishwa Theophil Makunga wa Mwananchi Communications, kampuni iliyolichapa gazeti lile. Hakuandika, hakuhariri; kosa lililotajwa ni kuchapa. Mahakama ya Kisutu iliwaachia huru wote watatu Januari 2014, baada ya miaka miwili ya kwenda na kurudi mahakamani.

Sasa jiwekeni mahali pa mchapaji. Ikiwa sheria itamkamata kwa maneno ya mwingine, lazima imwachie haki ya kuyakataa, ama sivyo tunamfunga mikono kisha tunamwambia aogelee. Hata hivyo, mchapaji mwenye hofu atakataa kila kitu. Anayetaka kulinyamazisha gazeti hahitaji hata kulifungia, atawatisha wenye mitambo, basi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mchapaji akatae maneno, asikatae watu, na aseme mapema kabla hajapokea pesa. Serikali nayo imwache mchapaji, iulizane na mwandishi na mhariri. Akikataa, akatae kwa dhamiri yake, si kwa kuogopa polisi.

Naomba kutoa hoja. Wenye kanga za bibi zao sandukuni watazame pindo, watuambie kama wameona hata moja yenye jina la jirani.