Sanduku la Vitabu: Historia ya Kuwapangia Watoto Vitabu Afrika Mashariki

Maonyesho ya vitabu shuleni, yaani siku ambayo vitabu hutolewa, hupangwa mezani au mkekani, na wanafunzi wakaruhusiwa kuvishika, kuvifunua na kuchagua wavipendavyo, ni desturi changa katika Afrika Mashariki ikilinganishwa na umri wa shule zenyewe. Kwa muda mrefu kitabu kilichomfikia mtoto kilikuwa cha kiada, yaani kile kinachofuata muhtasari wa somo na kugawiwa na mwalimu kwa hesabu, ilhali vitabu vya ziada, ambavyo mtoto huvisoma kwa hiari yake, vilikuwa vichache na mara nyingi vilifungiwa kabatini. Kwa hiyo, anayefuatilia historia ya maonyesho hayo hufuatilia safari ya kitabu cha ziada kutoka kwenye kufuli hadi mikononi mwa mtoto.

Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo pamoja na kusanifisha Kiswahili ilipewa kazi ya kukagua vitabu vya shule na kuidhinisha vile vilivyofuata tahajia moja. Tafsiri za riwaya za Kiingereza, mathalani Mashimo ya Mfalme Sulemani, zilipata nafasi kubwa katika usomaji wa shuleni, lakini uteuzi wote ulikuwa wa watu wazima, na mtoto alipokea alichopewa.

Hatua iliyofuata ilitokana na umbali. East African Literature Bureau, asasi ya uchapishaji iliyoanzishwa mwaka 1948 ikiwa na makao yake Nairobi, na ambayo mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Charles Richards, haikuishia kuchapisha, bali iliazimisha vitabu kwa njia ya posta na kupeleka masanduku ya vitabu mahali ambapo hapakuwa na maktaba. Sanduku lilipofika na kufunguliwa, lenyewe ndilo lililokuwa maktaba, na aliyeshika ufunguo wake ndiye aliyeamua vitabu vitaonekana au vitabaki gizani mpaka siku ya kurudishwa.

Baada ya uhuru mataifa yalijenga maktaba za umma kwa sheria: Tanganyika mwaka 1963 na Kenya mwaka 1965, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Hata hivyo, kwa kuwa maktaba hizo zilikuwa hasa mijini, na kwa kuwa wachapishaji waliona faida katika vitabu vya kiada kuliko vya hadithi, shule nyingi za vijijini zilikosa cha kuonyesha. Ndiyo maana Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, ulianza kwa kuondoa hofu ya mchapishaji: katika toleo la nakala 5,000 mradi ulinunua nakala 3,000 na kuzisambaza, naye akabaki na 2,000 za kuuza. Mwaka 1992 Nairobi ilianza kuandaa Maonyesho ya Vitabu vya Watoto ya Afrika, ambayo yalimfanya mtoto, badala ya mfanyabiashara, kuwa mgeni rasmi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea Garissa, kaskazini-mashariki mwa Kenya, mwaka 1996, Huduma ya Maktaba ya Taifa ilipoanza kupeleka vitabu kwa ngamia katika jamii za wafugaji wanaohamahama, ambako magari hukwama mchangani. Ngamia mmoja, anayeweza kubeba hadi vitabu 400 ndani ya masanduku mawili, hufuatana na mwenzake aliyebeba hema, na msafara ukifika shuleni hema husimikwa, mikeka hutandikwa na vitabu hutolewa mbele ya watoto, ambao huruhusiwa kuazima kwa siku 14. Sanduku lilelile lililotumika enzi za ukoloni lilirudi, ila safari hii lilifunguliwa machoni pa watoto wenyewe.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha ufundi wa kupanga vitabu. Kitabu kilichobanwa rafuni kikionyesha mgongo wake tu humtaka msomaji awe anajua jina la anachokitafuta, na mtoto anayeanza kusoma hana ujuzi huo, ilhali kitabu kilichosimamishwa jalada likielekea mbele, kwenye meza isiyozidi kimo cha mtoto, humwita kwa picha kabla ya maneno. Vitabu vikitengwa kwa kiwango cha usomaji na nakala chache zikaachwa wazi kwa kufunuliwa, hata mwanafunzi asiye na fedha ya kununua huondoka amesoma kurasa kadhaa.

Shule nyingi leo zina vitabu vya ziada vilivyonunuliwa au kutolewa msaada, na baadhi yake bado zinavifungia kwa kuhofia kuchanika na kupotea. Hofu hiyo inaeleweka, kwa maana mwalimu huulizwa kuhusu mali aliyokabidhiwa, lakini kitabu kisichofunguliwa na mtoto kimekwisha kupotea tangu siku kilipoingia kabatini. Walimu wakuu na kamati za shule hawana haja ya kungoja ukumbi wala mfadhili: wafungue kabati, watandike mkeka chini ya mti, wavipange vitabu majalada yakiwa juu, kisha wawaite watoto.